Wiki Ile Barafu Ilipofunguka

Kibondo, Jumamosi, saa nane mchana

Devota mwanangu,

Neno hilo la pili nimeliandika, nikalitazama, nikalikata, kisha nikachukua karatasi nyingine na kuliandika upya. Kwa mdomo sijawahi kukuita hivyo. Nawe hujawahi kuniita vingine ila Dada, na mtu tunayemwita Mama, mimi na wewe, ni yule mmoja wa Kasulu ambaye saa hizi bila shaka amekuzuia mlangoni akitaka ule tena kabla hujapanda gari. Sijui amekuambia nini leo. Mimi siku yangu alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba akaniambia nisilie mbele ya kondakta.

Ulisema utafika jioni. Kesho asubuhi basi la Kahama linakuchukua, na kutoka Kahama ni safari nyingine ndefu hadi Njombe. Nyumba iko kimya. Nimefagia mara mbili, na vumbi la Julai limeshaingia tena chini ya mlango. Nimegundua kwamba nafagia ili nisikae, nikikaa nitaandika, na nikiandika nitalisema.

Habari za ndoo, sabuni na blanketi sitaziandika. Tranka lako liko tayari, na Mama Rehema wa dukani ameshakufundisha maisha ya bweni kuliko ningeweza mimi. Juzi nilimsikia barazani: "Kitanda cha karibu na dirisha usikubali, mwanangu. Njombe ile si Kibondo. Utaganda kama samaki wa friza." Ukacheka, ukamjibu, "Dada ameishi kwenye barafu miaka mitatu na hakuganda." Mama Rehema akanitazama mimi, si wewe, akasema, "Wewe unajuaje hakuganda?"

Sote tulicheka. Mimi nilicheka mwisho.

Nina jambo moja tu, Devota, na nitalitaja sasa nisije nikalizunguka kurasa zote. Mwaka ule uliolazwa Kasulu, ulipokuwa na miaka minane, uliambiwa kwamba mimi sikujua. Uliambiwa simu haikupatikana. Mwaka juzi ulipohamia hapa kwangu kuanza Kidato cha Tatu, uliniuliza, nami nikakubali kwamba sikujua. Si kweli. Nilijua siku ya kwanza. Mama aliniambia kwa mdomo wake. Nilijua, na sikuja.

Najua ninachokiweka hatarini. Miaka hii miwili, chai yetu ya asubuhi, unavyonisomea majibu ya mazoezi yako ukiwa umeegemea mlango wa jikoni, vyote hivyo umenipa ukiamini kitu ambacho hakikutokea. Huenda kesho usitake nikusindikize. Huenda likizo ya Desemba ukashukia Kasulu usifike hapa. Nimejaribu kuyapima hayo wiki nzima, na kila nikipima naona afadhali nikukose ukiwa unanijua.

Nianze pale unapoanzia wewe kesho.

Nilikuwa na umri wako. Nilimaliza Kidato cha Nne nikiwa nimeshika mimba na sijui. Nilijifungua Aprili, nyumbani Kasulu, mvua ikipiga bati hivi kwamba mkunga alikuwa akipayuka kama anauza nguo mnadani. Matokeo yalikuwa mazuri. Mama alinitazama nikikunyonyesha siku tatu, siku ya nne akasema, "Huyu ni kitinda mimba wangu. Wewe ni dada yake. Nenda kasome." Hakuuliza. Nyumba nyingi za kwetu zilifanya hivyo, na majirani walijua na wakashirikiana nasi kutojua. Ukabatizwa kwa ubini wa baba yangu. Julai nikapanda basi.

Siku ya tatu bweni, blauzi yangu ililowa darasani wakati wa somo la Kemia. Niliomba ruhusa, nikaenda chooni, nikakamua maziwa ukutani hadi mikono ikauma. Nilifanya hivyo wiki mbili. Halafu yakakauka, na kuna kitu kingine kilichokauka pamoja nayo ambacho wakati ule nilikiita nguvu. Nilikuwa wa kwanza darasani miaka yote miwili. Watu wakasema, Edina ana kichwa. Ilikuwa hasira tu. Nilikuwa nimelipia mahali pale kwa kitu kikubwa mno, sikuweza kushika nafasi ya pili.

Sikwambii haya ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu kesho utaketi kwenye kiti cha basi kama kile, nawe unaenda kusoma PCB, fizikia, kemia na biolojia, kwa sababu ya hadithi zangu za virusi, na sitaki uende na hadithi nusu.

Hadithi yenyewe unaipenda, najua. Umeniambia niirudie mara ngapi? "Dada, bahari yenyewe hujawahi hata kuoga, ukaenda kuchota maji ya Ncha ya Kaskazini." Mjomba alisema vibaya zaidi. Siku ya kuniaga alisimama mbele ya watu wote, akauliza kama nikirudi nitakuwa daktari wa binadamu au wa friji.

Nilipata ufadhili wa kusomea virusi vya bahari za barafu kwa sababu ndio uliokuwepo. Ningepewa wa kusomea kwato za twiga ningekwenda. Kituo chetu kilikuwa kwenye kisiwa mbali kaskazini, nyumba chache za mbao, milima myeupe, na ghuba iliyoganda. Fundi wa maabara aliitwa Arne, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia buti hadi kofia, akasema, "Kwenu virusi havikuwatosha?" Nikamjibu kwamba vya kwetu vimeshasomewa na wageni, nimekuja kulipiza. Tukawa marafiki.

Hapa jua halina visa. Linachomoza, linazama, mwaka mzima ni yale yale. Kule lilizama mwanzoni mwa majira ya baridi na halikuonekana tena kwa miezi. Saa sita mchana ni kiza. Tulikwenda ghubani na kurunzi za kichwani, Arne akiwa na bunduki begani kwa ajili ya dubu, tukatoboa barafu kwa keekee ndefu kuliko wewe, tukateremsha chupa kwa kamba, tukapandisha maji. Kisha tunayaburuta maabara kabla hayajaganda, tunayachuja kwa chujio ambalo matundu yake hakuna jicho linaloweza kuyaona, tunayatia rangi, na kutazama kwa hadubini. Kila kirusi kinang'aa nukta ya kijani. Kijiko kimoja cha maji ya bahari kina nukta hizo kwa mamilioni. Havina habari na binadamu. Vinawinda bakteria na mimea midogo ya majini, ile isiyoonekana kwa macho, na kila aina ina windo lake.

Wakati wa kiza nukta zilipungua. Wiki baada ya wiki zikawa chache zaidi. Niliandika kwenye daftari langu kwamba majira ya baridi bahari imetulia, kwamba virusi vimeondoka na aina zake zimepungua. Nilipenda kuandika hivyo. Nilikuwa peke yangu sana, Devota. Nilikuwa nikiamka gizani, nalala gizani, siongei Kiswahili na mtu yeyote isipokuwa Jumapili kwa simu, na nadhani nilitaka bahari nayo iwe tupu ili tuwe wawili.

Arne alisoma daftari akiwa amesimama, anakunywa kahawa.

"Umehesabu vinavyoelea," akasema.

"Ndiyo. Ndivyo vilivyopo."

"Na vilivyo ndani?"

Akanionyesha. Kuna virusi ambavyo vikikuta bakteria wamekuwa wachache na dhaifu, haviwaui. Kirusi kikiua mwenyeji wake wakati huo, kitatoka kwenda wapi? Basi kinaingia, kinajiandika ndani ya mwili wake, katika maandishi yale yale yanayomfanya bakteria awe bakteria, kinatulia. Bakteria anaishi, anagawanyika, nacho kinagawanyika pamoja naye. Hakuna nukta ya kuhesabu. Arne alitia dawa ya kuwashtua bakteria kwenye chupa moja ya maji yangu yale "matulivu", akaiacha hadi kesho yake. Tulipotazama, kioo kilikuwa kimejaa kijani kama vumbi linavyoonekana kwenye mwali wa jua. Vilikuwepo vyote. Aina nyingi kuliko nilizowahi kudhani. Vilikuwa vinangoja mwanga.

Nilifuta ukurasa ule wote. Ilinichukua miaka mingine kutambua kwamba nilikuwa na kurasa nyingine za namna ile.

Jumapili nilikuwa naongea na wewe. Unakumbuka? Mama alikuwa akinibipu, mimi napiga. Mwanzoni ulikuwa kasuku. Uliniambia habari za kuku, za mwalimu aliyeanguka kwenye tope, za mtoto wa jirani mwenye meno mawili. Ukiwa na miaka minane, baada ya kupona, ukanyamaza. Mama anasema, "Haya, ongea na dada yako," nasikia pumzi zako tu. Nauliza, hujambo? Kimya. Shule? Kimya. Mama anachukua simu, anasema, "Yuko salama, ana aibu tu." Nami nikaandika moyoni, ametulia, amekua, hanihitaji tena. Mwaka mzima.

Niliporudi ndipo nikaona unavyogeuza kichwa mtu akikusemesha. Sikio la kushoto. Ugonjwa ule ulikuachia uhai ukachukua sikio, na Mama, asiyejua, kila Jumapili alikuwa akikuwekea simu upande huo huo, maana ndiko mkono wake wa kulia ulikofika ukiwa umekaa mbele yake. Ulikuwa husikii kitu. Nilikuuliza kwa nini hukusema. Ukainua mabega: "Nilifikiri ndivyo simu za mbali zilivyo."

Sasa ile wiki.

Mwanga ulirudi taratibu, kwanza wekundu nyuma ya milima, halafu jua lenyewe, halafu likakataa kuzama kabisa. Mimea ile midogo ikaanza kuota chini ya barafu, ukigeuza bonge la barafu unaona tumbo lake limekuwa la kahawia. Bakteria wakapata chakula, wakaongezeka. Na virusi vikaanza kutoka. Kila mtu pale kituoni alikuwa akingoja siku ya barafu kufunguka, kwa sababu ndani ya siku chache ghuba nzima inageuka. Aina iliyokuwa nyingi inatoweka, iliyokuwa adimu inatawala, kisha nayo inaangushwa. Ukikosa siku hizo, huwezi kujua nani alimfuata nani. Unangoja mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimeishi gizani miezi kwa ajili ya siku hizo.

Mei, Jumanne, Mama alinibipu. Haikuwa Jumapili. Nilipiga.

"Edina, mwana amelazwa," akasema. "Malaria imempanda kichwani. Hanijui. Anaongea vitu havipo."

Nikauliza daktari kasema nini. Akasema wanakuongezea damu. Kisha akasema neno moja tu: "Njoo."

Ndege ilikuwa inatua kisiwani mara moja kwa wiki, na ilikuwa inakuja Alhamisi. Tiketi kituo kingenikatia, walikuwa na utaratibu huo, sikuhitaji ila kuomba. Nataka ulijue hilo. Nimewahi kujaribu kukumbuka kwamba haikuwezekana. Iliwezekana.

Nikasema, "Mama, barafu inafunguka wiki hii."

Nilisikia nyuma yake mtu anaburuta kitanda cha chuma sakafuni.

"Barafu?"

"Ndiyo, Mama. Ni mara moja kwa mwaka. Nikiondoka—"

"Edina. Hiyo barafu haina mama mwingine?"

Nikasema nitampigia kesho. Nikasema nikija nitafika siku ya tano au ya sita, na hadi hapo utakuwa umepona, au. Sikumaliza. Mama alisema, "Ego," ile ego yake fupi ya kukubali kitu asichokubali, akakata.

Alhamisi nilisikia ndege ikishuka. Nilikuwa ndani ya boti na Arne, barafu inapasuka pande zote kwa sauti kama ya mabati yanayotupwa, tunachota kila baada ya saa tatu. Arne hakujua. Sikumwambia. Ningemwambia angenipeleka uwanjani kwa kunibeba, alikuwa na watoto watatu. Nilinyamaza ili asije akanilazimisha kuwa mtu mwema. Ndege ikapaa. Niliitazama ikiwa ndogo, nikaandika saa kwenye kibandiko cha chupa.

Na sasa nakuandikia kitu ambacho hata padre sijamwambia. Nilifurahi. Si kwa sababu ya ugonjwa wako, Mungu apishe mbali. Nilikuwa na hofu, kila nikivua glavu natazama simu. Lakini katikati ya hofu hiyo, nilipoweka jicho kwenye hadubini na kuona maji yaliyokuwa kiza yamewaka, aina moja imeiangusha nyingine, kila kitu kilicholala miezi kimeamka na kinakula na kuliwa, nilifurahi kama sijawahi kufurahi. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugusana. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa hivyo. Afadhali ulijue mapema kwamba inawezekana, usije ukajiona wewe tu.

Jumamosi Mama alibipu. Nilikaa sakafuni kabla ya kupiga.

"Amefumbua macho," akasema. "Ameomba uji."

Nililia. Akaningoja nimalize, kisha akasema, na sauti yake haikuwa na ukali, ingekuwa na ukali ningepumua, "Nimemwambia hukupatikana kwenye simu. Mtoto asilale na jambo hilo. Na wewe usije ukamwambia."

Nilimtii. Ulikuwa uongo wake wa huruma, na nilijificha ndani yake miaka yote ile.

Kazi ile ilinipa shahada ya uzamili. Sitakuongezea uongo mwingine kwa kukwambia haikuwa na thamani. Ilikuwa nayo. Tulionyesha jinsi ghuba moja ilivyobadilisha wakazi wake kutoka kiza hadi mwanga, na wengine wameendelea pale tulipoishia. Ingekuwa kazi ya kipuuzi, habari hii ingekuwa rahisi, ningejuta tu, basi. Mimi najuta na bado ninaiota. Walinipa nafasi ya kuendelea miaka minne zaidi. Nilikataa nikarudi, na watu hapa Kibondo wanadhani nilifeli. Mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha kila mgeni akija ananitambulisha, "Huyu alikuwa Ulaya," kwa sauti ya mtu anayeeleza ajali. Nimewaacha wadhani. Nilidhani kurudi kungefuta kitu. Kumbe kurudi ni kurudi tu. Ulikuwa na miaka tisa, ukanisalimia "Shikamoo Dada," ukaenda kumchotea Mama maji.

Ulipofika miaka kumi na miwili, Mama alikuambia nani alikuzaa. Nilikuwa nimeketi hapo hapo. Ulinitazama, ukauliza, "Kwa hiyo nimwiteje?" Mama akasema, "Mwite unavyoweza." Uliendelea na Dada. Sikukulaumu, na sikulaumu hata leo.

Halafu ile jioni ya mwaka juzi. Tulikuwa tunamenya mihogo pale uani. Ulikuwa na wiki tatu tu hapa kwangu. Bila kuinua macho ukasema, "Nilipolazwa, hukujua, eti?"

Kisu changu kilisimama.

"Mama alisema simu haikupatikana," ukasema. "Mimi nilimwambia, Dada angejua angekuja. Hata kwa miguu."

Ulikuwa umelibeba miaka sita, hilo la kwa miguu. Nililiona lilivyong'aa kwa kushikwashikwa. Nikasema, "Ndiyo. Sikujua."

Ukatabasamu, ukaendelea kumenya. Usiku ule ndio uliohamisha godoro lako kutoka sebuleni ukalileta chumbani kwangu.

Lile la barafu nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nilikuwa mbali, nilikuwa na njaa ya kuwa mtu. Naweza kumtazama msichana yule nikamwelewa, ingawa simsamehi. Lakini hili la mihogo nilikuwa mtu mzima, uko mbele yangu, kitu chenyewe umekiweka mkononi mwangu. Nilichukua upendo ambao haukuwa wangu. Kama utanikasirikia kwa moja tu, nikasirikie kwa hilo.

Mawaidha mzazi anayopaswa kumpa mtoto anayeondoka nimeyatafuta, sikuyapata mengi. Nina haya machache. Siku moja utaitwa na kitu unachokipenda na mtu unayempenda, saa ile ile moja. Sijui utachagua kipi na sitaki kukuchagulia. Ila utakapochagua, sema kwa sauti kwamba umechagua. Mimi nilisema "barafu inafunguka wiki hii", kana kwamba barafu ndiyo iliyoamua.

Na mtu akikuambia yuko salama, muulize tena. Muulize kwa upande mwingine.

Na sikio lako: waambie walimu siku ya kwanza. Usikae mwaka mzima ukidhani ndivyo sauti za mbali zilivyo. Hilo si maelekezo ya ndoo na sabuni, hilo ni ombi.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya tranka, chini kabisa, ndani ya lile sweta zito. Ungeikuta Njombe baada ya siku kadhaa, kwenye kitanda chako, na mimi niko hapa salama, ng'ambo ya nchi. Ungelia au ungeichana, nisingeona. Nimekwenda hadi kwenye tranka nayo mkononi. Nimeinua sweta. Kisha nikajiona ninachofanya. Ndege inapaa, mimi nipo kwenye boti naandika saa kwenye chupa.

Nimeirudisha mezani.

Bado nilikuwa nafikiria niiandike vipi mwisho wake uliposukuma mlango. Sijasikia hata gari. Umeingia na vumbi la Kasulu hadi kwenye nyusi, kichwa kimenyolewa, unafanana na Mama kuliko nilivyowahi kuona, na mfuko wa mihogo mkononi. "Mawe we! Amenipa chakula cha mkoa mzima," umesema. Umevua viatu. Umeniona na karatasi.

"Unaandika nini?"

"Barua."

"Ya nani?"

"Yako."

Umekuja ukasimama upande wangu wa kushoto, ili sikio lako zima liwe kwangu. Umehesabu kurasa kwa kidole. Umecheka. "Zote hizi? Dada, mimi si niko hapa?"

Uko hapa. Naandika mstari huu wa mwisho wewe ukinitazama, unauliza kwa nini bado sijaweka kalamu chini. Nimekuambia uvute kiti. Umevuta. Nitakusomea mwenyewe kwa sauti, toka lile neno la kwanza, na sitainuka hadi uwe umesema unalotaka kusema.

Edina, aliyekuzaa